Kupiga gitaa kavu kwa vidole: anza na gumba

Anayejua kucharaza kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) tatu nne, siku akimsikia mtu anayedonoa nyuzi kwa vidole hudhani magitaa ni mawili. Chini besi inatembea, juu sauti nyembamba inaimba. Akigeuka kuangalia anakuta gitaa ni moja na mpigaji ni mmoja, tena hana haraka yoyote.

Kazi kubwa hapo inafanywa na gumba. Ndilo ngoma, ndilo besi. Vidole vingine vinapamba tu. Wengi wanaokwama kwenye upigaji huu walianza na mapambo: walikariri mpangilio mrefu wa vidole vinne kutoka kwenye video, wakaupiga kwa shida juma zima, na siku ya kubadilisha kodi kila kitu kikaporomoka. Hapa tutakwenda kinyume. Gumba kwanza, mpaka liweze kutembea lenyewe bila kuangaliwa, halafu tutaongeza kidole kimoja kimoja.

Nachukulia kwamba unaweza kushika C, Am, G, D, Em na F ya namna yoyote, hata kama bado unabadilisha polepole. Kama hujafika hapo, jipe muda wa kucharaza kwanza, kisha urudi.

Gitaa na nyuzi

Gitaa la nyuzi za nailoni au la nyuzi za chuma, yote yanafaa. La nailoni lina shingo pana, nyuzi zimeachana, na vidole vya anayeanza havigongani. La chuma lina sauti kali zaidi inayosikika mbali, na ndilo utakalolikuta mikononi mwa wapigaji wengi wa gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, huku kwetu. Tumia ulilo nalo.

Kuna onyo moja tu la kuzingatia: usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Seti ya kawaida ya chuma inavuta kwa nguvu inayokaribia kilo 70, wakati ya nailoni inavuta kama kilo 40. Mbao ya gitaa la nailoni haikujengwa kubeba mzigo huo. Uso utavimba, au daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye uso, litabanduka kabisa.

Magitaa ya bei nafuu mara nyingi yanauzwa nyuzi zikiwa juu mno. Pima kwenye freti ya 12, kutoka juu ya chuma cha freti hadi chini ya uzi wa 6. Kwenye gitaa la chuma, milimita 2 hadi 2.5 ni raha. Ikizidi 3, mpelekee fundi apunguze kile kipande cheupe kilichosimama kwenye daraja. Ni kazi ndogo, na itakuokolea vidole vya mkono wa kushoto kuliko zoezi lolote. Kwa nyuzi za chuma, seti ya 11 ni nyepesi vya kutosha kwa kuanzia, ila sauti yake haijapooza. (Namba hiyo ni unene wa uzi wa 1.)

Nyuzi tunazihesabu kuanzia chini: uzi wa 1 ndio mwembamba, uzi wa 6 ndio mnene. Kutoka wa 6 hadi wa 1 sauti zake ni E, A, D, G, B, E. Programu ya simu itakutyunia haraka, lakini jifunze na njia ya masikio pia, maana simu huzima chaji. Bonyeza uzi wa 6 kwenye freti ya 5, hiyo ndiyo sauti ya uzi wa 5 ukiwa wazi. Endelea hivyo hivyo kushuka, isipokuwa uzi wa 3: huo unabonyezwa freti ya 4 ili kupata sauti ya uzi wa 2.

Mkono wa kulia

Kaa, gitaa juu ya paja, na mkono wa kulia uegemee ukingo wa juu wa gitaa karibu na kiwiko. Mabega yalegee. Acha kiganja kining'inie mbele ya tundu kama mtu aliyeshika chungwa, kisha weka gumba juu ya uzi wa 5, kidole cha shahada uzi wa 3, cha kati uzi wa 2, cha pete uzi wa 1. Usipige kwanza. Angalia.

Gumba lako liko wapi ukilinganisha na vidole vingine? Linatakiwa kutangulia upande wa shingo, kama sentimita mbili tatu mbele ya kidole cha shahada, ili likishuka na kidole kikipanda visigongane. Mpigaji ambaye gumba lake linaingia ndani ya kiganja, nyuma ya vidole, atapiga mpaka mwendo fulani kisha atakwama, na hatajua ni kwa nini. Rekebisha hili leo. Baada ya miezi sita mkono unakuwa umeshazoea ubaya wake.

Gumba linasukuma uzi kwenda chini, kuelekea sakafuni. Vidole vinafunga kuelekea kiganjani, kama unakunja ngumi taratibu. Kosa la kawaida ni kuvuta uzi kwenda nje, mbali na gitaa, ukadunda kwenye freti na kutoa sauti ya kupasuka. Mwendo wa kidole ni mdogo sana: kinapiga, kinatulia palepale juu ya uzi wake.

Je, kidole cha mwisho kiegemee kwenye uso wa gitaa? Waalimu wa gitaa la klasiki wanakataza. Wapigaji wengi wakubwa wa mitaani na vijijini wanaegemeza na hawajapungukiwa na chochote. Mimi nasema kama kinakupa utulivu, kiegemeze, lakini kisikandamize. Ukiona kucha yake imekuwa nyeupe kwa kubanwa, umezidisha.

Kuhusu kucha: za mkono wa kushoto zikate ziishe. Za mkono wa kulia, ziache zizidi nyama kwa milimita moja au mbili, na uzisugue kwa tupa ndogo badala ya kuzikata. Kama kazi yako ni jembe, gereji au vyombo, kucha hazitadumu, na wala si tatizo. Piga kwa nyama ya kidole. Sauti inakuwa nene na ya upole, wapo wanaoipenda zaidi.

Wa mkono wa kushoto ageuze kila kitu. Au afanye kama Elizabeth Cotten wa Marekani, aliyeligeuza gitaa la mkono wa kulia bila kubadilisha nyuzi, akapiga besi kwa vidole na wimbo kwa gumba. Simshauri anayeanza, ila ni vizuri kujua kwamba mkono hauna sheria ya mbinguni.

Ukienda kwenye video na vitabu utakuta herufi p, i, m, a. Zinatokana na majina ya Kihispania: p ni gumba, i ni kidole cha shahada, m ni cha kati, a ni cha pete. Mimi nitatumia namba za nyuzi na majina ya vidole vyetu.

Gumba peke yake

Kila kodi ina uzi wake wa besi, na uzi wa pili wa kubadilishana nao. Kariri hizi:

C: uzi wa 5, kisha wa 4
Am: wa 5, kisha wa 4
G: wa 6, kisha wa 4
Em: wa 6, kisha wa 4
D: wa 4, kisha wa 3
F ndogo: wa 4, kisha wa 3

F ndogo ni ile ya nyuzi nne: kidole cha pete uzi wa 4 freti ya 3, cha kati uzi wa 3 freti ya 2, cha shahada kikilalia uzi wa 2 na wa 1 kwenye freti ya 1. Kulalia kukikushinda, shika uzi wa 2 tu, wa 1 uache wazi. Inatoka kodi nyingine kidogo, tamu tu, na hakuna atakayelalamika.

Shika C. Piga kwa gumba tu: 5, 4, 5, 4. Hesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, nne, mguu ukigonga sakafu kwa kila namba. Metronomu, kifaa cha kugonga mapigo, iwe 60 kwa dakika, na usione aibu, hiyo ndiyo kasi sahihi. Vidole vingine vipumzike juu ya nyuzi zao bila kufanya lolote. Ukichoka na C, nenda Am, kisha F, kisha G, kila moja mara nne, bila kusimama katikati.

Hapa ndipo watu wanaporuka hatua. Wanapiga hivi dakika tano, wanaona ni rahisi, wanakwenda mbele. Kipimo cha kweli ni kuongea. Piga 5, 4, 5, 4 huku unamsalimia mtu aliyeingia chumbani. Akikuuliza "Umeshakula?" umjibu sentensi nzima, umwambie umekula nini na kimebaki nini jikoni. Gumba likisita hata mara moja, bado. Likiendelea kana kwamba halihusiki na mazungumzo, liko tayari kubeba wimbo.

Likishazoea, lipe safari ndefu kidogo. Kwenye C: 5, 4, 6, 4, ambapo kidole cha pete kinaruka kutoka uzi wa 5 freti ya 3 kwenda uzi wa 6 freti ileile ya 3, kisha kinarudi. Am: 5, 4, 6, 4, uzi wa 6 ukiwa wazi. G na Em: 6, 4, 5, 4. D: 4, 3, 5, 3. Sasa besi inatembea, haibwekei mahali pamoja.

Mtindo wa kwanza: kumwaga kodi

Huu ni wa kutawanya sauti za kodi moja baada ya nyingine. Ndio rahisi kuliko yote kwa sababu hakuna vidole viwili vinavyopiga kwa pamoja. Kwa nyimbo za hesabu ya sita, zile za kubembea, piga hivi kwenye C:

5 – 3 – 2 – 1 – 2 – 3

Gumba, shahada, kati, pete, kati, shahada. Kwa G besi ni uzi wa 6, kwa D na F ni uzi wa 4. Vidole vingine havihami nyuzi zao. Kwa hesabu ya nne:

5 – 3 – 2 – 3 – 1 – 3 – 2 – 3

Gumba, shahada, kati, shahada, pete, shahada, kati, shahada. Kidole cha shahada kinafanya kazi kila baada ya noti moja, na kitachoka kwanza. Ndiyo mazoezi yenyewe.

Usitafute kodi nyingi za kufanyia mazoezi haya. Mwitalia Mauro Giuliani alichapisha mwaka 1812 mazoezi 120 ya mkono wa kulia, na yote yanazunguka kodi mbili tu, C na G7. Mkono wa kushoto ukiwa hauna mawazo, wa kulia unajifunza haraka.

Mtindo huu ni mzuri kwa kusindikiza sauti ya mtu, kwa pambio la taratibu, kwa wimbo wa kubembeleza mtoto. Udhaifu wake ni kwamba unachosha ukitumika wimbo mzima, na hauchezeki. Wengi wanaishia hapa wakidhani wamefika.

Mtindo wa pili: gumba linatembea, vidole vinajibu

Marekani mtindo huu umebeba jina la Merle Travis wa Kentucky, ingawa watu wa huko waliupiga kabla yake. Rudi kwenye gumba lako la 5, 4, 5, 4. Sasa utaongeza vidole viwili tu: cha shahada kwenye uzi wa 2 na cha kati kwenye uzi wa 1. Cha pete kipumzike.

Hesabu ni hii, itamke kwa sauti:

moja – mbili na tatu na nne

Kila namba ni ya gumba. Kila "na" ni ya kidole. Hakuna kanuni nyingine. Kwenye "moja" tu ndipo gumba na kidole cha kati vinabana pamoja.

moja: gumba uzi wa 5 na kati uzi wa 1, kwa pamoja
mbili: gumba uzi wa 4
na: shahada uzi wa 2
tatu: gumba uzi wa 5
na: kati uzi wa 1
nne: gumba uzi wa 4

Kisha unarudi "moja" bila kupumzika. Angalia kwamba baada ya "moja" na baada ya "nne" hakuna "na". Hapo kuna nafasi tupu, na nafasi hiyo ndiyo inayoupa mtindo huu mwendo wake wa kuchechemea. Ukiijaza kwa woga wa ukimya, unapata cherehani.

Jenga kwa vipande. Kwanza gumba tupu kwa muda. Kisha ongeza kule kubana kwenye "moja" peke yake, mpaka gumba lisishtuke. Kisha ongeza "na" ya kwanza. Ukiona gumba limeanza kufuata vidole, yaani linapiga pale linaposikia kidole kimepiga, rudi hatua moja. Siku mbili tatu za kurudi nyuma ni za kawaida. Halafu jioni moja mikono inaachana, kila mmoja unashika njia yake, na unabaki unajisikiliza kama unamsikiliza mtu mwingine.

Sasa ubadilishe kodi. Mzunguko wa C, Am, F, G unatosha kwa mwezi mzima. Kutoka C kwenda Am unahamisha kidole cha pete tu, kutoka uzi wa 5 kwenda uzi wa 3 freti ya 2, vingine vinabaki. Kutoka Am kwenda F ndipo patamu na pachungu. Huna muda wa kuhamisha vidole vyote kwa mpigo, na huhitaji. Besi ndiyo inayopigwa kwanza kwenye "moja" pamoja na uzi wa 1, kwa hiyo kidole kinachoshika besi ya kodi mpya kitangulie, na kinachoshika uzi wa 1 kikifuate mara moja. Vile vya katikati vina nafasi ya kufika kabla ya "mbili". Ukisikia G yako inachelewa, kagua kidole kinachokwenda uzi wa 6 freti ya 3. Karibu kila mara kinafika mwisho wakati kilipaswa kufika wa kwanza.

Mwendo: anza 60. Ukipiga mzunguko mzima mara nne bila gumba kukwama, ongeza 5. Ukifika 90 kwa raha, huo ni mwendo wa nyimbo nyingi. Mbio za 120 ziache kwanza.

Gitaa kavu: gumba na kidole kimoja

Sasa tufike nyumbani. Kati ya miaka ya 1950 na ya 1960, kuanzia Katanga huko Kongo mpaka magharibi ya Kenya, kulikuwa na wapigaji walioimba Kiswahili na kupiga namna hii wakitumia gumba na kidole cha shahada tu. Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Katanga mwaka 1930, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, na "Masanga" yake ikasambaa mbali. Edouard Masengo, wa upande huohuo, alifanya muziki mpaka Nairobi. Kwa Waluhya kulikuwa na George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, na mtindo unaoitwa omutibo, ambao hadi leo unasindikizwa na chupa ya Fanta inayokwaruzwa kwa kipande cha chuma kwenye mikunjo yake.

Wasikilize kabla ya kujaribu, tena kwa siku kadhaa. Utakachokigundua ni kwamba juu hakuna mpangilio mmoja unaojirudia. Kuna wimbo. Kidole cha shahada kinatafuta noti za wimbo kwenye nyuzi tatu za chini na kuzipiga katikati ya hatua za gumba, kikivuta kwenda juu wakati gumba linashuka. Mkono wa kushoto unashika kodi, ila kidole cha mwisho kiko huru kuongeza noti zisizo kwenye kodi. Huo uhuru ndio unaotofautisha gitaa kavu na kumwaga kodi.

Jaribu kipande hiki cha C, noti nane kwa mwendo sawa. Noti za kwanza, tatu, tano na saba ni za gumba. Nyingine ni za kidole cha shahada.

5 – 1 – 4 – 2* – 5 – 2 – 4 – 3

Uzi wa 1 uko wazi: hiyo ni mi. Penye nyota, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kinabonyeza uzi wa 2 kwenye freti ya 3: re. Kinaondoka, na uzi wa 2 unabaki na noti yake ya kodi kwenye freti ya 1: do. Mwisho uzi wa 3 wazi: sol ya chini. Kwa hiyo besi inasema do, mi, do, mi, na juu unasikika wimbo: mi, re, do, sol. Piga taratibu mpaka usikie mistari miwili badala ya noti nane.

Kwenye F ndogo: 4 – 1 – 3 – 2 – 4 – 1 – 3 – 2. Kwenye G: 6 – 1 – 4 – 2 – 6 – 1 – 4 – 3. Zungusha C, F, G, C. Ukishazoea, vunja mpangilio: ruka noti moja ya juu, rudia nyingine, acha gumba litembee peke yake hatua mbili kabla ya kidole kujibu. Gumba halivunjwi. Hilo likisimama, anayecheza anasimama.

Kutoa wimbo wako kwenye nyuzi

Waliopita kwenye kwaya wana utajiri hapa, kwa sababu nota zao za do, re, mi zinahamia moja kwa moja kwenye gitaa. Ukiwa kwenye C, ramani ni hii:

sol ya chini: uzi wa 3 wazi
la ya chini: uzi wa 3 freti ya 2
ti ya chini: uzi wa 2 wazi
do: uzi wa 2 freti ya 1
re: uzi wa 2 freti ya 3
mi: uzi wa 1 wazi
fa: uzi wa 1 freti ya 1
sol: uzi wa 1 freti ya 3
la: uzi wa 1 freti ya 5

Chukua wimbo mfupi unaoujua tangu utotoni, wenye noti tano au sita. Uimbe ukigonga mguu. Kila silabi inayoangukia kwenye mguu, noti yake itabanwa pamoja na gumba. Kila silabi inayoangukia katikati ya hatua mbili itapigwa na kidole peke yake, kwenye "na". Iandike kwenye karatasi kama ikibidi: mstari wa juu wimbo, mstari wa chini besi. Kisha ipige polepole kiasi cha mtu mwingine kutoutambua wimbo. Ukifanya wimbo mmoja kwa njia hii mwanzo hadi mwisho, utakuwa umejifunza zaidi ya mitindo kumi ya kukariri.

Kama C iko chini sana kwa sauti yako, usihangaike na kodi mpya. Funga kapo, kile kibanio cha kukaza nyuzi zote kwa pamoja, freti ya 2 na upige vilevile, tayari uko kwenye D. Kapo likikosekana, penseli iliyokazwa kwa mpira juu ya nyuzi inafanya kazi, ingawa itabidi ulityuni gitaa upya.

Panapokwama

Nyuzi zikizizima, yaani zikitoa sauti ya kufa, tatizo liko mkono wa kushoto: kidole kimelala na kugusa uzi wa jirani. Kwenye kucharaza kosa hili linajificha. Hapa kila uzi unasikika peke yake. Simamisha kidole kwa ncha, karibu na chuma cha freti.

Besi ikifunika wimbo, egemeza ubavu wa kiganja kwenye nyuzi za 6, 5 na 4 palepale zinapotokea kwenye daraja. Sauti itakuwa fupi kama ngoma, na za juu zitapata nafasi. Ukisogea milimita chache mbele besi inakufa kabisa, ukirudi nyuma hakuna kinachobadilika, kwa hiyo tafuta mahali pake kwa sikio.

Ncha za vidole vya kushoto zikiuma, vumilia, ngozi itakomaa. Kiwiko au kifundo cha mkono vikiuma, acha kupiga siku hiyo. Maumivu ya namna hiyo hayakomai.

Kuhusu muda, dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumapili. Dakika tano za kwanza ziwe za gumba tupu, hata baada ya miaka. Zilizobaki gawa unavyopenda. Mara moja kwa wiki jirekodi kwa simu na usikilize kesho yake, usisikilize papo hapo. Siku hiyohiyo masikio bado yanakutetea.

Ukipata mwenzako

Gitaa kavu linanoga likiwa mawili. Mmoja apige C, F, G kama tulivyofanya. Mwenzake afunge kapo freti ya 5 na ashike G, C, D: sauti zinazotoka ni zilezile, ila juu zaidi, na nyuzi zake hazigongani na zako. Mkizunguka C, Am, F, G, yeye ashike G, Em, C, D. Wewe shikilia gumba na wimbo usibadili. Yeye apunguze besi, ajaze pale unapoacha nafasi, hasa ile baada ya "nne". Mkianza kugombania nafasi moja, mmoja anyamaze hatua nne, asikilize, kisha aingie upya. Wa tatu akipatikana, mpeni chupa na msumari.